Kadi ya Pili: Imelala, Imefungiwa, au Haipo?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Laptopu yangu ina kadi mbili za michoro: ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na GeForce GTX 1650 ya NVIDIA. Natumia Ubuntu 22.04. Nikiandika nvidia-smi (amri ya kuonyesha hali ya kadi ya NVIDIA) najibiwa kuwa imeshindwa kuwasiliana na draiva. Nimeifuta draiva na kuiweka upya mara tatu. Je, kadi imeungua? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Usiizike kadi bado, na usiguse draiva mara ya nne. Kwanza iulize kerneli, yaani kiini cha Linux, inaona nini:

lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'

Kadi ya Intel kwa kawaida hukaa kwenye anwani 00:02.0, ya NVIDIA mara nyingi 01:00.0. Ukikuta imeandikwa "3D controller" badala ya "VGA", usishtuke. Kadi ya namna hiyo haina waya unaokwenda kwenye skrini. Yenyewe huchora tu, Intel ndiyo inayoonyesha. Ikiwa haimo kabisa kwenye orodha, ingia BIOS uone kama imezimwa huko, maana hakuna draiva itakayoshika kitu ambacho kerneli haikioni.

Ikiwa imo, tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Pakiandikwa nouveau, ile draiva huria imewahi kuishika kadi kabla ya draiva ya NVIDIA. Mstari huo usipokuwepo, kadi haijashikwa na yeyote, na kwa maelezo yako nadhani ndipo ulipokwama. Jaribu kuipakia moduli, yaani ile draiva inayoingia ndani ya kerneli, kwa mkono:

sudo modprobe nvidia

Jibu utakalopata ndilo linaloamua. Ukiambiwa "Module nvidia not found", moduli haijajengwa kwa kerneli unayoitumia sasa, jambo linalotokea sana baada ya kerneli kusasishwa. Andika dkms status (DKMS ndiyo programu inayojenga moduli kwa kila kerneli) uone imejengwa kwa toleo gani, kisha weka vichwa vya kerneli, yaani faili zinazohitajika katika ujenzi huo: sudo apt install linux-headers-$(uname -r), na ujenge kwa sudo dkms autoinstall.

Ukiambiwa "Key was rejected by service", hapo draiva ni nzima, ila Secure Boot, ile kinga ya mashine inayokataa moduli zisizo na saini inayoaminika, imeizuia mlangoni. Moduli iliyojengwa na DKMS hutiwa saini kwa ufunguo uliotengenezwa humo humo kwenye laptopu yako, na ufunguo huo usiposajiliwa, kerneli haikubali saini yake. Ndiyo maana kufuta na kuweka upya hakukusaidia: kila mara ulijenga moduli ile ile, ikakataliwa vile vile. Hakikisha kwa mokutil --sb-state, kisha sajili ufunguo:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utaombwa kutunga neno la siri la kutumika mara moja tu. Tumia tarakimu tupu, kwa sababu skrini itakayofuata hufuata mpangilio wa kibodi ya Kimarekani. Zima na uwashe. Itatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu, na hapa ndipo wengi hupotea: wanaiacha ipite, mashine inawaka kama kawaida, nao wanadhani kazi imekwisha. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", andika neno lako la siri, halafu "Reboot". Ikikupita, rudia amri ya kusajili. Kuzima Secure Boot nako kunatatua, lakini sioni haja ya kuondoa kufuli wakati ufunguo unao mkononi.

Na tafadhali, achana na lile faili la .run la kupakua kwenye tovuti ya NVIDIA. Apt, kisakinishi cha Ubuntu, hailitambui, kwa hiyo hubaki linagombana na vifurushi vya Ubuntu.

SWALI: Kwangu nvidia-smi inajibu vizuri, lakini glxinfo (amri inayotaja kadi inayochora) inataja Intel tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Katika hali ya on-demand (thibitisha kwa prime-select query) kila programu huchorwa na Intel mpaka uiagize kadi ya pili. Pima hivi, baada ya kuweka kifurushi cha mesa-utils:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo | grep "OpenGL renderer"

Mwanzoni mwa kila neno kuna mistari ya chini miwili. Ukiandika mmoja amri haitalalamika, itakurudishia Intel kimya kimya. Kwenye Steam, weka maneno hayo mawili katika sehemu ya machaguo ya kuanzishia mchezo, mwishoni ongeza %command%. Wenye kadi ya pili ya AMD wao wanatosheka na DRI_PRIME=1. Kazi za CUDA, yaani hesabu zinazofanywa na kadi ya NVIDIA, hazihitaji lolote kati ya haya.

SWALI: Betri inaisha haraka. Kila nikichungulia kwa nvidia-smi naikuta kadi iko macho. Nifanyeje ilale?

JIBU: Nvidia-smi yenyewe ndiyo inayoiamsha. Ni sawa na kumtikisa mtu ili umuulize kama amelala. Soma faili hili badala yake:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status

"Suspended" maana yake imelala. Ikibaki "active" ilhali hakuna programu inayoitumia, soma faili la control lililo kwenye folda hiyo hiyo: linatakiwa kusema auto, si on. Angalia pia 01:00.1, sehemu ya sauti ya HDMI, kwa kuwa ikikesha hiyo, kadi nzima inakesha.

Kadi zilizotangulia kizazi cha Turing, mfano GTX 1050, hazina usingizi huo katika draiva ya NVIDIA. Kwao dawa ni sudo prime-select intel, kisha kuzima na kuwasha. Lakini kama tundu la HDMI la laptopu yako limeunganishwa na NVIDIA, projekta haitapata picha hadi urudishe on-demand na kuwasha upya, kwa hiyo fanya hivyo kabla hujaingia ukumbini.