Mtoto hachoki akiwa na kitu cha kutafuta

Swali la wiki liliuliza: "Watoto wadogo wanachoka matembezi baada ya dakika kumi tu. Ninyi mnafanyaje?" Jibu langu ni jiokeshi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata jipiesi (GPS) ya simu, inayoonyesha mahali ulipo kwa setilaiti. Makasha yameorodheshwa kwenye tovuti ya Geocaching.com, na wenye Android wana programu ya bure iitwayo c:geo.

Kazi kubwa hufanyika nyumbani kabla ya kuvaa viatu: kuchagua kasha. Kila kasha lina alama mbili, ugumu wa kulipata na ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Ukiwa na watoto wa chini ya miaka saba, usivuke 1.5 kwa zote mbili. Njia ya alama 1 inapitika hata kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo kigari cha mtoto kitapita. Ya 5 inaweza kudai kamba au mtumbwi. Kisha tazama ukubwa. Kasha la ukubwa uitwao maikro halifiki mililita 100, na ndani yake hamna kitu ila karatasi iliyoviringishwa. Mtoto aliyetembea nusu saa akafunguliwa karatasi atalia, na ana haki. Chagua dogo, la mililita 100 hadi lita 1, au la kawaida, linalozidi hapo. Mwisho, soma walichoandika waliolitafuta karibuni. Kama wawili watatu wa mwisho hawakuliona, huenda limeshapotea, tafuta jingine.

Wengi hupotelea kwenye namba za mahali kasha lilipo. Mchezo huu huandika digrii na dakika zenye desimali, mfano S 06° 48.500'. Ukiziingiza kwenye ramani kama 6.48500 utapelekwa karibu kilomita 36 mbali, kwa sababu dakika 48.5 ni digrii 0.80833, si 0.485. Bonyeza namba ndani ya programu yenyewe, usizinakili kwa mkono.

Mkikaribia, mshale wa simu utaanza kuzunguka kama uliorukwa na akili. Simu haijaharibika. Ukisimama, jipiesi haijui umeelekea wapi, na chini ya miti mikubwa au kando ya ghorofa mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi. Aliyeficha alikosea mita tatu hadi tano, nawe unakosea kiasi hichohicho, hivyo kasha laweza kuwa mita kumi kutoka mahali simu inaposema "umefika". Hapo ndipo simu iingie mfukoni. Waulize watoto: mngekuwa nyinyi, mngelificha wapi? Macho yao yako usawa wa mashina na mashimo ya ukuta, na mara nyingi wao ndio huona rundo la vijiti lililopangwa kwa unadhifu usio wa kawaida, au jiwe lililolala juu ya jiwe. Mkubwa akiendelea kukodolea kioo, amewanyang'anya mchezo.

Sheria moja haina mjadala: mkono hauingii shimoni kabla ya kijiti na tochi. Nge, nyigu na nyoka nao hupenda mahali pakavu palipofichika.

Ndani ya kasha mna daftari na vizawadi. Andikeni jina la timu na tarehe kwa penseli. Kalamu ya wino huteleza kwenye karatasi yenye unyevu. Ukichukua kitu, weka chenye thamani sawa au zaidi: gololi, kifungo kizuri, stika, kigari kidogo. Mtoto achague nyumbani cha kutoa, na kisiwe anachokipenda sana, maana kilio cha kuachana nacho porini ni kirefu. Chakula hapana, hata peremende moja. Kasha la kwanza kabisa la mchezo huu, ndoo aliyoificha Dave Ulmer karibu na Beavercreek, Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, ilikuwa na kopo la maharage, lakini leo chakula kimekatazwa kwa sababu harufu huleta wanyama na siafu, na plastiki hutafunwa. Mkikuta kibati chenye namba, hicho si zawadi bali ni msafiri: kichukueni ikiwa tu mtakipeleka kasha jingine karibuni.

Kabla ya kulitoa kasha mahali pake, lipige picha lilivyolala. Watoto wakimaliza, hakikisha mfuko wa daftari haujabanwa na mfuniko, kwani upenyo mdogo tu huingiza maji na kuozesha karatasi. Halafu wape picha walirudishe wenyewe, jiwe kwa jiwe, jani kwa jani. Kasha jingine kwa kawaida haliwi karibu zaidi ya mita 161, kwa hiyo maji ya kunywa yatoke mfukoni hapa, kabla hawajaanza kukimbia.