MASWALI YA WASOMAJI: Mimba, mazoezi na ndoo ya maji

SWALI: Shikamooni. Nina mimba ya kwanza, wiki 22. Mama mkwe ananihimiza nitembee na nipige deki ya kuinama ili njia ifunguke. Maji nachota mwenyewe, ndoo ya lita 20, napandisha ghorofa mbili. Shoga yangu anasema nikijichosha mimba itatoka. Nimsikilize nani?
Mama Kijacho, Tanga

JIBU: Marahaba. Mama mkwe yuko karibu zaidi na ukweli kuhusu kutembea, ukiondoa hiyo deki. Mimba yenye afya haitoki kwa kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kama hukuwa na mazoea, anza na dakika 10 kwa siku, kila wiki uongeze 5.

Kwa joto la Tanga, toka asubuhi kabla jua halijachoma. Kula kitu kidogo kwanza, hata ndizi moja, na ubebe maji. Vaa raba, kandambili ziache nyumbani: viungo vya nyonga vimelegea na tumbo linakuvuta mbele, kwa hiyo kujikwaa ni rahisi. Usihangaike kuhesabu mapigo ya moyo, maana mimba yenyewe huyaongeza. Jipime kwa mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kukakushinda, hapo umepatia. Ukihema kila baada ya neno la pili, punguza mwendo.

Sasa ndoo. Lita 20 ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Ukiinyanyua unabana pumzi, na nguvu yote inashukia kiunoni na kwenye misuli ya nyonga. Na ngazini tumbo linakuficha miguu. Tumia dumu la lita 5, mkono mmoja ubebe, mwingine ushike ukuta. Kunja magoti, toa pumzi unapoinua. Safari zitaongezeka, ndiyo, lakini kupanda ngazi bila mzigo mzito ni zoezi zuri. Na wenye nguvu hapo nyumbani wasaidie kuchota.

Deki haifungui njia. Mlango wa kizazi hufunguliwa na uchungu. Kuinama miguu ikiwa imenyooka kutakuumiza kiuno bure. Piga magoti juu ya kanga iliyokunjwa, udeki hivyo.

Zoezi la miguu: simama mbele ya kiti kisichoyumba, miguu upana wa mabega. Shuka taratibu hadi makalio yaguse kiti, kisha inuka ukitoa pumzi. Mara 8, pumzika, rudia. Mazoezi ya kulala chali yaache: kizazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukapata kizunguzungu. Ikikutokea, geukia ubavu wa kushoto.

Kabla ya yote, mwonyeshe mkunga kadi yako ya kliniki. Mwenye kifafa cha mimba au dalili zake, upungufu mkubwa wa damu, kondo la nyuma lililoziba njia, au mlango wa kizazi uliolegea asianze bila ruhusa ya daktari. Acha papo hapo uende hospitali ukiona damu, maji yakitoka ukeni, tumbo likibana kwa mpangilio, kifua kikiuma, au kigimbi kimoja kikivimba na kuuma.

SWALI: Nina wiki 30. Nikikohoa mkojo hunitoka kidogo. Mazoezi si yatazidisha?

JIBU: Kuruka kamba, ndiyo. Kukaza misuli ya nyonga kunapunguza. Kaza kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, bila kubana makalio wala pumzi. Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 5, mara 8. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Ukizoea, fika sekunde 10. Kosa la wengi ni kujifunzia chooni kwa kukata mkojo katikati, kibofu kikabaki na mabaki. Kikohozi kikikaribia, kaza kwanza.

Mkojo ukiunguza, kapime. Na kama kinachotoka ni majimaji yasiyo na harufu ya mkojo, yanayoendelea hata ukiwa umetulia, vaa pedi kavu uende hospitali papo hapo; huenda chupa imepasuka.