Mtoto Aliyekuwa "Ananusa" Daftari

Watoto walioandikishwa kwa wingi darasa la kwanza mwaka 2016, michango ya lazima ilipofutwa katika shule za umma Tanzania, walinifikia mimi Darasa la Nne mwaka 2019 wakiwa zaidi ya mia. Kigezo ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Dawati la watoto watatu walikaa wanne, wengine watano.

Kati yao alikuwamo mvulana mwenye ualbino. Kwa kuwa alikuwa mrefu, nilimweka nyuma, karibu na dirisha. Wenzake walimcheka kwamba "ananusa daftari", maana pua ilikuwa inagusa karatasi. Nami nilimgombeza, tena zaidi ya mara moja, kwa kutomaliza kunakili ubaoni. Niliandika kwa wino mwekundu: "Ongeza bidii." Maneno yale yananiuma mpaka leo, kwa sababu bidii alikuwa nayo kuliko darasa zima. Alichokosa ni kuona.

Mwalimu mwenzangu, ukipata mtoto wa namna hii, usikimbilie kusema hadi apewe miwani. Miwani humsaidia kiasi, lakini mara nyingi haimalizi uoni hafifu wa mwenye ualbino. Anza na sauti yako: kila unachoandika ubaoni, kisome kwa sauti huku unaandika. Haikugharimu kitu, na utashangaa wangapi wengine walikuwa hawaoni wakanyamaza. Mpe daftari lako la maandalio anakilie pale alipo. Mazoezi mwandikie kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa. Akiinamisha kichwa upande au macho yakichezacheza, mwache, ndivyo anavyotafuta kuona. Mstarini asimame kivulini na kofia yake kichwani. Ukisikia mwalimu wa zamu anamvua kofia eti si sare, mtetee palepale.

Tena usingoje mtihani. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nimeona walimu wanaolijua hilo siku ya mtihani tu. Mwone mwalimu mkuu mapema, uhakikishe hali ya mtoto imeandikwa wakati wa usajili. Kisha majaribio yako ya kila wiki yaendeshe kwa muda uleule. Mtoto aliyenyimwa dakika hizo miaka saba hatajua kuzitumia siku moja.

Wapo watakaokuambia unampendelea. Mimi niliambiwa, na mwalimu ninayemheshimu. Nilimwomba aketi kwenye dawati lile la nyuma, mwanga wa saa nne ukimwingia machoni, asome ubao huku amefumba macho nusu. Hatukubishana tena.

Lakini jambo nililopaswa kulifanya kwanza nililifanya mwisho: kumwita mzazi. Siyo kumweleza mwanawe ana matatizo gani, bali kumuuliza. Nilimuuliza mama yake, "Huyu nyumbani akitaka kusoma hukaa wapi?"

Akanijibu, "Mlangoni, mwalimu. Jioni, jua likishapoa. Mchana hutazama ukutani, anasema dirisha linamchoma."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, nililihamisha dawati lake mbele, mgongo wake ukaelekea dirishani.