Re: Mbunge anastahili sifa kwa bodaboda za vijana?

Mkuu, umeuliza kama mbunge wenu apongezwe kwa zile bodaboda walizokabidhiwa vijana kwa mkopo wa halmashauri. Kwa pesa yenyewe, hapana. Ule mkopo usio na riba unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tangu 2018 ni takwa la sheria hapa Tanzania, si hisani ya mtu. Na mapato ya ndani ni nini kama si ushuru wa soko, leseni za biashara na ushuru wa mazao? Mama aliyepanga nyanya zake pale chini kachangia, ila siku ya makabidhiano hakupewa hata kiti. Picha ya mheshimiwa ndiyo iliyobandikwa kwenye tangi la mafuta, utadhani kauza ng'ombe wake!

Lakini tusimnyime haki yake. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na kuna halmashauri zilikuwa zinasuasua kutenga hiyo fedha, au vikundi hewa vinaibeba. Mikopo yenyewe ilisimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Akiwa alibana kwenye vikao mpaka vikundi halisi vikapata, hapo mpe maua yake.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao muulize: mwaka jana tulikusanya kiasi gani, kilichotengwa ni kiasi gani, na marejesho yamefikia wapi?