Mastewart, Wastewart au akina Stewart?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala ya historia ya Uskoti. Mimi niliandika "Wastewart walitawala", mhariri akabadilisha kuwa "Mastewart". Isitoshe, kuna kurasa zenye Stewart na nyingine Stuart. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Hiyo ma- ya mhariri iondoeni. Tunaiweka kwenye vyeo vya kukopa, kama marais na mapadri, lakini ukiibandika kwenye jina la ukoo inasikika kama kejeli. Labda mhariri alinusa asili ya jina, maana Stewart kweli lilianza kama cheo. Kwa Kiingereza cha kale, stigweard alikuwa mlinzi wa nyumba ya bwana. Katika karne ya 12 Mfalme David wa Kwanza alimpa Walter fitz Alan, mtu wa asili ya Bretagne (eneo la kaskazini-magharibi mwa Ufaransa), usimamizi mkuu wa nyumba ya kifalme ya Uskoti. Kazi ikarithiwa baba kwa mwana hadi ikawa jina. Mmoja wa kizazi hicho alimwoa Marjorie, binti wa Mfalme Robert Bruce, na mtoto wao akatawazwa mwaka 1371 kama Robert wa Pili.

Wa- yako ina pa kusimama. Mombasa tuna Wamazrui, Unguja Wabusaidi, nao walitawala. Kwa nasaba ya kifalme, basi, Wastewart sikatai, ingawa mimi ningeandika "ukoo wa Stewart" au "akina Stewart".

Ila usiwabebeshe wote wa- hiyo. Mabwana wengi walikuwa na wasimamizi wao, hivyo jina lilizuka sehemu nyingi, kisha wahamiaji wakalifikisha Ulster (kaskazini mwa Ireland), Marekani, Kanada na Australia. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1969, 1971 na 1973, na mwimbaji Rod Stewart hawawi ukoo mmoja kwa sababu ya jina tu. Mchekeshaji Jon Stewart ndiye kabisa: alizaliwa Leibowitz! Hao ni "watu wenye jina la Stewart". Na ukisema "akina Jackie Stewart" umemaanisha Jackie na wenzake, si familia yake. (Hiyo "wakina" inayozagaa mitandaoni nayo iacheni huko huko.)

Tahajia ya Stuart inatokana na Ufaransa, ambako herufi w ni ngeni. Malkia Mary wa Uskoti alipelekwa huko mwaka 1548 akiwa bado mtoto, na namna hiyo ya kuandika ikashikamana naye. Mwanawe James alirithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603. Kwa hiyo andikeni Stewart kwa wafalme waliomtangulia Mary, na Stuart kuanzia kwake hadi Malkia Anne, aliyefariki 1714. Watu wengine waandikeni kama walivyojiandika wenyewe: John McDouall Stuart, aliyeikata Australia kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1862, abaki na u yake.