Kamera imeonyesha utumbo safi, lakini mama bado anaharisha

Ndugu uliyeuliza, pole kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mama yako mwenye miaka 62 anaharisha maji yasiyo na damu kwa miezi mingi, hata usiku humwamsha, na kwamba baada ya kamera ya utumbo mpana mliambiwa hana kitu, labda ni mawazo. Mimi huandaa slaidi katika maabara ya patholojia, yaani inayochunguza vinyama vya mwili kwa hadubini, na nakusihi usikubali jibu hilo kabla ya kujua kama alikatwa vinyama vidogo vya utumbo vya kupimwa.

Ipo kolaitisi (mchochota wa utumbo mpana) ambayo kamera haiioni, ila hadubini tu, kwa sababu utumbo kwa macho huwa mzima kabisa au wenye wekundu kidogo tu, na huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 50. Katika aina moja, limfositi, yaani chembe nyeupe za kinga, hupenya kwenye utando wa juu hadi kuzidi 20 kwa kila seli 100 za utando huo. Katika nyingine, utepe wa kolajeni (protini inayoshikilia tishu) ulio chini ya utando hunenepa kupita maikromita 10. Kwa rangi tunayotumia kila siku, utepe huo huonekana wa waridi hafifu na ni rahisi kuupita. Tukiutilia shaka, tunaongeza rangi ya trikromi, nao hugeuka bluu, ukingo wake wa chini ukiwa umechakaa na kumeza vijishipa vidogo vya damu.

Kinachonisikitisha ni kupokea kinyama kimoja cha rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na fomu imeandikwa “kuharisha” basi. Utepe haunenepi sawasawa kila mahali, na kwenye rektamu huweza kuwa mwembamba; ndiyo maana vinyama hutakiwa kutoka upande wa kulia na wa kushoto, kila upande katika chupa yake ya formalini (dawa ya kuhifadhi vinyama), hata kama daktari haoni kasoro.

Mwambieni daktari dawa zote anazotumia, hasa diklofenaki, ibuprofeni, omeprazoli, lansoprazoli au setralini, kwani zinahusishwa na ugonjwa huu, ila asiziache mwenyewe. Ulizeni pia kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni ya ngano, ambao wakati mwingine huambatana nao. Ugonjwa ukithibitika, wengi hupata nafuu kwa budesonidi, dawa ya kutuliza mchochota, kwa kawaida miligramu 9 kwa siku kwa wiki 6 hadi 8.

Kwanza ombeni ripoti ya patholojia. Kama vinyama vilikatwa, vitalu vya nta vyenye vinyama hivyo huhifadhiwa, na mnaweza kuomba visomwe upya bila mama kurudia kamera.