Kura za Mrema zilikwenda wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mgombea urais akishindwa, chama chake kina nafasi gani uchaguzi unaofuata? Huku mtaani wengi wanajibu kwa kutazama asilimia. Mgombea akipata 40, chama kinakuja; akipata 5, kwaheri ya kuonana. Mimi nadhani asilimia ya urais inadanganya kuliko namba zote za uchaguzi, na shahidi wangu ni Augustino Lyatonga Mrema.

Vijana wanamkumbuka kama mzee wa chama cha TLP aliyekuwa akichekesha watu bungeni. Mwaka 1995 hakuna aliyekuwa akimcheka. Alikuwa ametoka kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hata kwenye Katiba hakikuwemo, na nchi nzima ilimjua kwa makataa yake ya siku saba: siku saba kwa huyu, siku saba kwa yule. Akahamishiwa Wizara ya Kazi, akasema bungeni mambo ambayo waziri huyasemea ndani ya baraza, na Februari 1995 akawa nje ya serikali. NCCR-Mageuzi, chama cha wanasheria na wasomi waliokuwa wakidai mabadiliko ya katiba tangu 1991, kikampokea na kumpa uenyekiti na tiketi ya urais kwa mkupuo mmoja. Msafara wake ukiingia mjini watu walikuwa wanalisukuma gari lake kwa mikono. CHADEMA haikusimamisha mgombea wake mwaka ule, ilimuunga mkono yeye. Ilibidi Mwalimu Nyerere mwenyewe apande majukwaani kumnadi Benjamin Mkapa.

Mkapa akapata asilimia 61.8, Mrema 27.8. Kwa hesabu ya vichwa ni kura 1,808,616. Na hapo Dar es Salaam ilikuwa imevurugika: tarehe 29 Oktoba vifaa vilichelewa, watu wakashinda kwenye foleni, Tume ya Uchaguzi ikafuta uchaguzi wa majimbo yote saba na kuurudia tarehe 19 Novemba, upinzani ukasusia. Anayesema Mrema angepata zaidi sitabishana naye.

Sasa tazameni namba ambayo watu huipita haraka. Kwenye kura za ubunge nchi nzima, NCCR ilipata asilimia 21.8. Kati ya mgombea na chama palikuwa na pengo la asilimia 6. Maana yake kuna Watanzania wengi tu waliompigia Mrema, wakageukia karatasi ya ubunge, wakampa mtu wa chama kingine. Na hizo asilimia 21.8 zilizaa viti 16 vya majimbo tu, kwa sababu zilitawanyika. CUF, iliyopata asilimia 5, iliondoka na viti 24, kwa kuwa kura zake zilirundikana Zanzibar, hasa Pemba, ambako majimbo ni madogo. Kwa hiyo asubuhi ya baada ya matokeo, chama kilichokuwa na mgombea wa pili kwa ukubwa nchini kilikuwa na wabunge wachache kuliko chama ambacho mgombea wake, Profesa Lipumba, alipata asilimia 6.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Mgombea urais wetu akishindwa hana pa kwenda. Katiba, ibara ya 41(7), inasema Rais akishatangazwa na Tume hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ubunge hana, maana hawezi kugombea vyote viwili. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo hata jina lake linaishi ndani ya kadi ya chama. Mtu aliyepigiwa kura karibu milioni mbili anarudi nyumbani, na uwanja pekee uliobaki wa kupigania ni kiti cha mwenyekiti. Msishangae basi vyama vyetu vikianza kugombana miezi michache baada ya matokeo. Watu husema ni uroho. Upo, lakini mlango wenyewe ni mmoja na wote wanataka kupita.

Mrema alipata nafuu kidogo. Oktoba 1996 kiti cha Temeke kilikuwa wazi, akagombea, akamshinda Cisco Mtiro wa CCM. Nakumbuka Tandika ile jioni hapakulalika. Kwa watu wengi ilionekana kama NCCR ndiyo kwanza inaanza. Kumbe ndani tayari kulikuwa na pande mbili, ya mwenyekiti Mrema na ya katibu mkuu Mabere Marando. Kikao cha Tanga mwaka 1997 kiliishia kwenye vurugu, na kuanzia hapo chama kikawa kinaendeshwa kwa barua za kufukuzana.

Athari yake kwenye matawi haikuandikwa sana magazetini, kwa hiyo niieleze. Tawi letu lilikuwa chumba kimoja cha kupanga, benchi mbili, bendera, meza ndogo. Vitu viwili ndivyo vilivyolifanya kuwa tawi: daftari la wanachama na mhuri. Mpasuko ulipofika chini, mwenyekiti wa tawi alikuwa upande wa Mrema na mhuri ulikuwa kwake. Katibu alikuwa upande wa pili na daftari lilikuwa kwake. Mwanachama mpya akitaka kadi anaandikishwa huku, halafu anaambiwa aende kule akagongewe mhuri, na kule anaambiwa kadi hizo hazitambuliki. Baba mdogo, aliyekuwa wakala wa chama kituoni mwaka 1995, alifuatilia kadi ya mkewe mpaka akachoka. Hakuhamia CCM wala hakujiunga na CUF. Alikaa nyumbani tu. Kodi ya chumba ilipokosa mlipaji, mwenye nyumba akampa kinyozi.

Mrema akahamia TLP mwaka 1999, na kwa sheria yetu ubunge wa Temeke ukaishia hapo hapo. Mwaka 2000 akagombea tena urais: kura 637,077, asilimia 7.8. Wale milioni na laki mbili wengine hawakumfuata. Je, walibaki NCCR? Hapana. NCCR ilitoka na jimbo moja. Mwaka 2005 haikupata hata hilo. Mgombea wake wa urais alikuwa chini ya nusu ya asilimia moja, na Mrema mwenyewe asilimia 0.75. Ndani ya miaka kumi kura milioni 1.8 zilikuwa zimewatoka wote wawili, aliyeziomba na chama alichoziombea.

Sehemu yake ilikwenda kwa Mkapa, aliyepanda mpaka 71.7, na sehemu kwa Lipumba, aliyefika 16.3. Wengine ni akina baba mdogo. Hata vigogo waliokuja na lile wimbi walirudi walikotoka. Stephen Wassira alimwangusha Jaji Warioba pale Bunda kwa tiketi ya NCCR mwaka 1995, mahakama ikatengua, baadaye akarejea CCM, na Januari 2025 akawa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara. Mrema alishinda tena ubunge mwaka 2010 nyumbani kwao Vunjo, na mwaka 2015 akashindwa hapo hapo na James Mbatia, mwenyekiti wa NCCR, chama kile kile alichokiacha. Mwaka uliofuata Rais Magufuli akamteua kuongoza Bodi ya Parole. Alifariki Agosti 2022.

Mtu atasema ni tatizo la Mrema na hulka yake. Ndiyo maana lazima niitaje CHADEMA, iliyokwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1995 majimbo 3, mwaka 2000 majimbo 4, mwaka 2005 majimbo 5. Kwenye urais haikusimamisha mtu mara mbili za mwanzo. Freeman Mbowe alipojaribu mwaka 2005 alipata asilimia 5.9 na helikopta yake juu. Kwa kipimo cha asilimia kile chama kilikuwa cha kufungia virago. Lakini miaka iliyofuata waliingia vijijini na operesheni zao, wakafungua matawi, wakapata madiwani, na Septemba 2007 katibu mkuu wao, Dk. Willibrod Slaa, akasimama Mwembeyanga, hapa hapa Temeke, akasoma majina 11 ya watu aliowaita mafisadi. Mwaka 2010 Slaa akavuka kura milioni 2.2 na chama kikachukua majimbo 23. Mbegu ya hizo kura hukuiona popote kwenye zile asilimia 5.9 za Mbowe.

Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, ni habari ndefu, nitaikata. Jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya Mwembeyanga. Julai 2015 akapokewa CHADEMA na kubeba bendera ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani; Slaa akajitoa, Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Akapata kura 6,072,848, asilimia 39.97, ambazo hakuna mpinzani aliyewahi kuzifikia. Machi 2019 akarudi CCM, na tofauti na mwaka 1999 chama cha CHADEMA hakikupasuka hata ufa. Sababu ni kwamba hakikuwa chake. Kura za wabunge wa UKAWA zikijumlishwa hazikupishana sana na zake, yaani watu walikuwa wanapigia upande ule na yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alikuta matawi, akaacha matawi.

Mnajua ya mwaka 2020: CHADEMA jimbo moja, Nkasi Kaskazini, na mgombea wake Tundu Lissu akatangaziwa asilimia 13. Wapo wanaosema hiyo ndiyo bei ya kumpokea Lowassa. Mimi sikubali. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 na haikuruhusiwa tena mpaka Januari 2023. Madiwani na wabunge walikuwa wanahama kila wiki “kuunga mkono juhudi” za Rais Magufuli. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani viliususia baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa wingi. Chama kilichonyimwa uwanja kwa miaka minne ukikipima kwa magoli, unapima kitu kingine.

Visiwani mambo yalikwenda kinyume na yote hayo. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF alishindwa urais wa Zanzibar tangu 1995, wakati Salmin Amour wa CCM alipotangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 zake, na kila awamu alirudi na watu wale wale. Machi 2019, baada ya ugomvi na Lipumba, aliyerudi kudai uenyekiti wa CUF, kuishia mahakamani, alisema tushushe tanga, tupandishe tanga, safari iendelee, na ofisi za CUF Unguja na Pemba zikapakwa rangi za ACT-Wazalendo kwa muda wa siku chache. Daftari na mhuri vilihama pamoja. Mrema angepewa hilo moja tu mwaka 1999, leo tungekuwa tunaisoma TLP kwenye historia kwa namna nyingine.

Kwa majirani zetu Kenya kuna milango zaidi, na ndiyo sababu chama cha ODM kiliweza kuishi na mgombea aliyeshindwa 2007, 2013, 2017 na 2022. Raila Odinga alikwenda Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 akashinda kesi. Zaidi ya hapo kuna kaunti 47 zenye magavana waliochaguliwa na bajeti zao. Chama kikikosa Ikulu bado kina mahali pa kuonyesha kazi na pa kuwaweka watu wake. Kwetu chama kikishinda halmashauri, mkurugenzi anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya vivyo hivyo, mkuu wa mkoa vivyo hivyo. Meya wa upinzani anabaki kugombana na mkurugenzi juu ya gari. ODM sasa inaingia kwenye mtihani ambao haijawahi kuufanya, maana Raila amefariki Oktoba 2025, na magavana wake ndio watakaotuambia chama kilikuwa cha nani.

CHADEMA nayo ina mtihani wake, na hapa swali lenu lilihitaji swali jingine kabla yake. Januari 2025 Lissu, mgombea aliyeshindwa 2020, alimwondoa Mbowe kwenye uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482. Aprili akafunguliwa kesi ya uhaini na kuwekwa mahabusu, na chama kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Baadhi ya waliokuwa upande wa Mbowe wakahamia chama cha CHAUMMA. Tarehe 29 Oktoba 2025 chama cha CHADEMA hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Kabla ya kuuliza kitapata ngapi 2030, ulizeni kwanza kama kitakuwepo kwenye karatasi.

Mimi sitasubiri 2030. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutangulia mwaka mmoja, na ule wa 2014 ulituonyesha mapema kwamba 2015 ingekuwa ngumu kwa CCM mijini, kabla Lowassa hajahama. Ujao ni 2029. Nitahesabu kila chama kimepata watu wangapi wa kugombea uenyekiti wa mtaa na kitongoji, halafu nitahesabu ni wangapi kati yao fomu zao zimepokelewa.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam